Chai ya Tumbo la Mama Watoto

Mama watoto,

Chai ya tangawizi na mchaichai imo kwenye chupa. Kunywa polepole, ~~bila sukari~~ haya, tia kijiko kimoja, maana najua utatia viwili.

Asubuhi nilipokwambia chai hii ilimtuliza chatu aliyemeza baiskeli, ulinijibu, "Basi kamwoe huyo chatu!" Nikacheka, kumbe umejikunyata kwa maumivu. Mzaha wote ukaniishia.

Chai inatuliza tu, mpenzi. Tumbo hilo sasa linataka daktari, hata kama humtaki wewe. Nimetangulia zahanati kukushikia foleni. Ukikaidi nitaingia mwenyewe, nimwambie daktari nina mimba ya mapacha, na baba yao ni wewe.

Njoo, tafadhali.

Mzee wako