Boksi la Ndolosi

Jumatatu, 3 Machi
Nimepalilia vitunguu saumu mpaka saa nne. Mgongo umegoma. Wageni wawili wamekatiza shambani, macho kwenye simu, moja kwa moja hadi jiwe langu la mpakani. Wakachomoa boksi la plastiki, wakaandika kwenye kidaftari, wakalirudisha, wakaondoka wanacheka.

Nimelifungua. Kumbe kalificha Mwalimu Rehema, yule wa kutoka Kigoma. Ni mchezo: simu inawaelekeza watu walitafute. Ndani kuna karatasi: neno "ndolosi", kitu kizuri unachokipata ukitafuta kingine, limetoka kwenye hadithi ya Tluway wa Endagikot.

Tluway! Hadithi ni yangu! Kata nzima ya Daudi inajua. Nilimtafuta ng'ombe Ndolosi siku saba kule Gitting, nikapigana na chui wawili, ng'ombe sikumwona, nikapata mke. Sasa mke ni marehemu. Mtoto Mungu hakutupa. Nilichozaa ni neno hilo tu.

Tluway atanitambua.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda kwa mwalimu. Shikamoo katoa vizuri.
"Mjomba, Mzee Tluway alinisimulia mpaka akatokwa machozi."
"Ni uongo uliomkaba."
"Basi andika na wewe kwenye daftari, uweke saini. Nitabadilisha karatasi."
Kuandika tu? Hapana. Nataka Tluway aumie.

Jumatano, 5 Machi
Mpango tayari. Boksi naliingiza kwenye mzinga wangu wenye nyuki wakali kuliko wote. Hawa waliwahi kukimbiza lori hadi Babati. Nimemtumia Tluway ujumbe: njoo Ijumaa, kuna boksi lenye jina lako. Atatia mkono mwenyewe. Avimbe mdomo, tuone atasimulia nini. Sijafurahi hivi tangu mavuno.

Alhamisi, 6 Machi
Nimechukua boksi. Kabla ya mzinga nikasema nisaini kwanza, mtu hapiti kwenye kitabu cha wageni bila kusaini. Mdomo wangu nausemesha nitakavyo. Kitabu sijawahi kukidanganya, tangu nilipokuwa mjumbe wa nyumba kumi.

Jina. Natokea: Daudi. Madhumuni: kisasi.

Nikaandika hadithi ni yangu. Nikafika kwenye siku saba, mkono ukakataa. Nimeandika siku mbili. Chui nimewaacha. Halafu hili, nalo ni kweli: ng'ombe alikuwa wa Tluway. Tulitoka wote. Aliumia mguu siku ya kwanza, akarudi nyumbani, akaniachia koti lake la baridi. Nilioa nikiwa nimelivaa.

Saini. Nimejichukia. Boksi nimelirudisha jiweni.

Ijumaa, 7 Machi
Tluway kaja, anachechemea mguu uleule. Nimemwonyesha jiwe. Kasoma polepole, kwa kidole. Kaomba kalamu.

Jina. Natokea: Endagikot. Madhumuni: kumtafuta ng'ombe wangu.

Kasaini.

Sijamsamehe. Nimechemsha chai, vikombe viwili.