Bunduki ya Kuokota

Jumamosi, 7 Juni 2025

Tumeshindwa na Mbamba Bay katika mechi ya kirafiki ya mchezo wa vita wa kompyuta, wao wakicheza kutoka kwao ziwani, sisi hapa Mbinga. Na aliyetuponza ni Erasmo wetu! Risasi zilimwishia, akaokota bunduki ya adui aliyeuawa. Bunduki hiyo ina mlio wake, mkavu, kama mahindi yanayokaangwa. Otilia akausikia nyuma yake, akageuka, akampiga mwenzake. Ndivyo nilivyomfundisha: mlio wa adui ni adui. Sioni aibu hata kidogo.

Erasmo anajitetea kwamba bodaboda akiishiwa petroli haachi abiria njiani, anaomba kwa yeyote. Hoja ya kijiweni. Mimi, kamanda wao, nikawasimamisha wote watano, nikanena kwa utulivu: askari anayeokota silaha ya adui ni mkulima anayevuna kahawa ya jirani, kisha anashangaa kuitwa mwizi. Mmoja alikuwa anamenya muhogo.

Jumatano, 11 Juni

Otilia, niliyemfundisha Uraia kidato cha pili, leo ananifundisha vita. Mchezo unawaruhusu walio karibu kusikiana sauti, adui akiwamo. Basi, anasema, mwenye bunduki ya kuokota akiwakaribia wenzake atangulize "Shikamoo". Akijibiwa "Marahaba", apite. Vita vya adabu! Nikauliza kama adui hana masikio. Nikauliza pia mimi, kamanda na mwalimu wao, nimwamkie nani. Erasmo akasema, huku akicheka chini chini, kwamba kwenye ramani ya mchezo hakuna mwalimu.

Kura tano dhidi ya yangu moja. Wingi si hekima. Nikawatangazia: siku bunduki ya kuokota itakapotupa ushindi, nitakiacha kiti cha kamanda siku hiyo hiyo. Wakaandika. Waandike.

Jumapili, 15 Juni

Fainali, na Mbamba Bay hao hao, baada ya misa ya pili. Mshindi anakwenda Songea. Naandika nikiwa nimekwisha kufa — aliyekufa hafufuki mpaka mchezo uishe.

Nieleze mwenyewe, maana hawa hawataeleza kwa haki. Risasi ziliniishia ndani ya ghala. Miguuni palikuwa na bunduki ya adui. Nikaiokota. Ndiyo, mimi! Nikaangusha wawili. Bunduki nzuri; sitasema zaidi. Nikaelekea kwa Otilia. Nyuma ya ukuta akauliza taratibu:

"Nani huyo? Amkia."

Nimemzidi miaka ishirini na miwili. Nikanyamaza, nikimsubiri aniamkie yeye. Akanipiga.

"Samahani, Mwalimu," akasema, bila kuvua hedifoni.

Sasa wamebaki Erasmo na Otilia, dhidi ya Ignatio peke yake, nahodha wa Mbamba Bay, muuza samaki, mtu mzima anayeamkiwa na soko zima. Naangalia skrini ya Erasmo. Risasi zimemwishia. Ameokota — naam, ile ile niliyoiangusha mimi. Anausogelea ukuta wa Otilia.

"Shikamoo."

"Marahaba," anajibu Otilia.

"Marahaba," inajibu sauti nzito, kushoto, nyuma ya mapipa.

Ignatio! Ameamkiwa, ameitikia. Malezi yamemtoa mafichoni. Bila shaka sasa anajilaani.

Erasmo ameugeuza mtutu kwenye mapipa. Wenzetu waliokufa wamesimama nyuma ya kiti chake. Mimi sijasimama. Mkono mmoja unaandika, wa pili umeshika kiti changu cha kamanda —