Kasa Aliyemponza Bwana Harusi

Shoga, leo nimeumbuka! Nacheka mpaka mbavu zinauma.

Si unajua nazunguka kisiwa peke yangu? Basi asubuhi naogelea, kitu kikanigusa mguu. Nikapiga ukelele: "PAPAAA!"

Watu wote mbio ufukweni. Kumbe kasa! Katoa kichwa, ananitazama. Mwenye boti mmoja pale akaniambia, "Dada, huyo anakula majani tu."

Sasa sikia. Kati ya waliokuwa majini kulikuwa na maharusi. Bwana harusi ndiye aliyetangulia kutoka, mke kamwacha nyuma. NYUMA, shoga! Mke kamuuliza, "Ndiyo 'nitakufia' yako hiyo?"

Nikamwomba radhi bibi harusi. Akasema, "Acha, dada. Twende zetu kwenye maporomoko ya maji."

Ndipo tulipo, tunaoga. Mume yuko juu ya jiwe, kashika mikoba yetu.