Mikono Yako Haina Kosa, Mama

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Assalaam aleikum wewe na wote hapo Kikoneni. Magoti je, yametulia, au bado unakwenda shambani ukiyalaumu njia nzima? Sisi huku India hatujambo, tena sana, alhamdulillahi. Mwanangu Juma anatembea bila kushikwa, na jana aligombana na muuguzi kwa kuwa uji haukutiwa nazi. Picha ya kichwa aliyopigwa juzi, baada ya kupasuliwa, haionyeshi uvimbe hata kidogo. Nimefurahi, mama, mpaka nimelia mbele za watu.

Sasa nikugombeze. Mdogo wangu Saumu amenipigia simu. Anasema tangu ajifungue umekataa kumwosha mtoto wake wala kumkanda kichwa, eti mikono yako ndiyo iliyomtia Juma uvimbe ulipomkanda akiwa mchanga. Mama! Nusu ya Kikoneni umeikanda wewe, na vichwa vyao vizima, hata kama akili za wengine hazikukaa. Simu huwa unakata ukianza kulia, ndiyo maana nimeandika. Barua hii anakuletea mama mmoja wa huko kwetu Waa tuliyekuwa naye wodini, anarudi nyumbani.

Nilimwendea daktari wa Juma, mwanamke kijana, na Kiingereza changu cha hotelini Diani. Nikachukua mto, nikaukanda unavyokanda wewe, paji la uso mpaka kisogoni. Akacheka mpaka akakaa.

"Hata mimi nyanya yangu alinikanda hivyo hivyo, kwa mafuta ya nazi," akaniambia. "Mwambie mama, ugonjwa huu hauletwi na mkono wa mtu."

Kisha akanieleza. Ndani ya mwili mna jeni, yaani maagizo madogo tuliyoumbwa nayo. Ziko zinazouamrisha ubongo wa mtoto ukue, na ziko zinazosema basi, inatosha. Kwa Juma, moja ya zile za kukuza haikunyamaza wakati wake ulipofika. Ni kama mpishi wa arusi ambaye wageni wameshakwenda zao, naye bado anatia mchele chunguni. Jeni iliyomjengea ubongo ndiyo hiyo hiyo iliyomletea uvimbe. Wamepima damu yake na ule uvimbe, wakaona kosa limo uvimbeni tu, damuni halimo. Hakulirithi kwangu wala kwako, na mtoto wa Saumu hakulichukua kwetu. Nimeuliza tena na tena, mpaka daktari akachoka nami.

Basi mshike mjukuu wako, mama, nakuomba.

Nisalimie baba, na kaka Hamisi anayenitunzia kuku. Msalimie na shemeji yangu, mume wa Saumu, umwambie aache kumwosha mtoto. Nasikia anamshika kama samaki anayetaka kuruka.

Nywele za Juma zimeanza kuota kuzunguka kovu. Anasema tukirudi hataki mtu mwingine ampake mafuta kichwani ila wewe. Nimemwambia ashike foleni, mtoto wa Saumu yuko mbele yake.

Ni mimi mwanao mwenye maneno mengi,
Mwanamkasi