Damu ya Upande Wetu

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa tatu 1958

Laurent anakohoa tena. Mutoto wa binti yangu Léocadie — ndiyo kwanza anatambaa. Mukabalisa, mama ya Damien, bwana ya Léocadie, amefika toka Rutshuru na neno lake: kile kirimi, kinyama cha kooni, kimekuwa kirefu, kikatwe. Mwenye kukata anakuja Jumamosi.

Niliangalia magoti ya mutoto. Yamevimba, meusi. Magoti ya mwanangu Habarurema hayo! Habarurema jino la utoto lilimtoka, damu ikakataa kusimama. Tukamzika.

Lakini inakuwaje? Wote walisema ni damu ya ukoo wa marehemu bwana yangu, Ntirenganya. Ndiyo maana Léocadie tulimuoza kwa watu wa mbali, wengine kabisa. Ugonjwa ubaki kwa baba yake. Na kweli dada ya Laurent, Nyiramahirwe, anakimbia, anaanguka, anaamka. Hana kitu.

Jumatano, tarehe 5

Hospitali. Dokta mzungu aliuliza, infirmier, muuguzi wake, akageuza maneno kwa Kiswahili. Habari ya Ntirenganya hawakutaka hata! Waliuliza kaka zangu. Nikasema nilikuwa na mmoja, kule Masisi. Mundu ulimkata kidole, kidole tu. Damu ikatoka mpaka akaisha.

Basi wakasema damu hiyo inapita kwa wamama. Sisi tunaibeba, haituangushi. Inaangusha watoto wanaume — huyu inampata, huyu inamwacha. Na binti anaweza kuibeba, mutu asijue. Kisu, hapana kabisa.

Njiani Léocadie aliniuliza kama Damien atamfukuza. Nikamwambia afunge kitenge vizuri, mutoto anateleza.

Jumamosi, tarehe 8

Mwenye kukata alishaweka chuma motoni. Nikamweka Laurent mgongoni, nikasimama mlangoni mwa Damien.

"Ugonjwa si wenu. Ni wangu. Nilimpa Léocadie, naye akampa mutoto. Mukimkata, mumemchinja."

Mwenye kukata akafunga vitu vyake mbio. Mukabalisa akasema walileta ng'ombe wazima wa mahari, mimi nikawapa tumbo bovu. Nikamwambia bovu ni ulimi wake, akatwe yeye. Damien alitazama chini.

Laurent na mama yake wamelala kwangu. Anapumua vizuri.

Siku ya Mungu, tarehe 9

Wamekuja baada ya misa, Damien na mama yake. Wanasema Léocadie abaki kwangu, na Laurent pia, maana hatachunga, hatalima. Damien analia, lakini anakubali. Nyiramahirwe wanaenda naye Rutshuru. Wamekwisha kumvalisha gauni ya safari.

Mukabalisa alimfuta pua. Leo hakunitukana. Aliniuliza pole pole, kama mutu aliyechoka: "Na huyu, mama? Huyu ni muzima?"

Nikisema sijui, watamwacha hapa na mama yake. Na hakuna nyumba itakayomuoa. Nikisema ndiyo, anaenda leo, na siku moja atamzaa Laurent mwingine — ao hatamzaa. Nani anajua? Hata dokta hajui.

Léocadie ananiangalia tu. Nyiramahirwe anauliza kama Rutshuru kuna maziwa.

Nimesema nimfungie kwanza viazi vya njia. Nimeingia ndani. Viazi viko tayari toka asubuhi.

Mukabalisa ananiita.