Namba ya Mama Eucabeth

Molo, 3 Machi 1975

Mwanangu Eucabeth,

Salamu. Huku tu wazima, baba yako na ng'ombe pia. Wewe sikuulizi hali, nilijionea nilipokuja Nakuru. Uliolewa ukiwa na afya, mashavu yamejaa. Sasa una shingo ya korongo. Kanisani wananiuliza, "Kwani Owuor anamnyima ugali?" Nilimwambia mumeo mbele ya wenzake pale stesheni, na nitarudia: akishindwa kulisha, arudishe mtoto wa watu.

Mama yako

Nakuru, 11 Machi 1975

Mama,

Tu wazima, ila Owuor ana hasira tangu umwaibishe. Hakuninyima chochote. Mwaka jana, kabla sijakonda, daktari alichukua kilo zangu 78, akazigawanya kwa urefu wangu, mita 1.60, uliozidishwa kwa wenyewe. Ikatoka thelathini na nusu. Ikivuka ishirini na tano, yeye huchunguza zaidi. Alinikuta na presha, ndiyo maana nimepunguza chakula. Owuor alipata ishirini na saba, akachunguzwa pia, hana kitu. Ni misuli ya kubeba magunia.

Unene si afya, Mama. Na ile kiu yako? Ulimaliza mtungi wangu kwa siku mbili, usiku mzima uko njiani kwenda choo. Kapimwe.

Binti yako

Molo, 24 Machi 1975

Eucabeth,

Hatujambo, na kuanzia leo usinitishe. Nilikwenda zahanati. Nesi Jeruto alinipima: kilo 52, namba ishirini na moja. Wewe thelathini! Nani mgonjwa? Akataka na mkojo wangu. Nikamwambia, "Binti, nimeshapita mtihani, mkojo wa nini?" Nikachukua kikapu changu nikaenda.

Mama yako

Nakuru, 31 Machi 1975

Mama,

Natumaini u mzima, kwa sababu hutaki kujua kama hu mzima. Nani alikuambia huo ni mtihani? Namba inasema nani aangaliwe kwanza, basi. Haioni damu yako, wala mkojo wako. Mwembamba naye huugua sukari. Unakonda huku unakula kunishinda, na bado unajisifu! Rudi kwa Jeruto. Usiporudi, nitakuja kukuvuta, hata kanisa lote litazame.

Binti yako

Molo, hospitali, 2 Juni 1975

Eucabeth,

Baba yako na ng'ombe hawajambo. Nilianguka shambani kwenye pareto. Ni sukari. Kidonda cha mguu, kile nilichokuficha, kimeoza, na jana wamekata vidole viwili. Ulipokuja mwezi wa nne nikakufungia mlango, ulisimama kwenye mvua ukinitukana. Nilisikia yote. Ukija sasa usiyarudie, nitakufukuza hata kwa mguu mmoja.

Kwenye kitanda cha pili alikuwako mama mmoja mwenye sukari pia, mnene mara mbili yangu. Alipopimwa tu mara ya kwanza alikubali wachukue na mkojo. Leo asubuhi amekwenda nyumbani kwa miguu yake. Nimemchukia sana.

Mama yako