Baba, Miguu Bado Mizima

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni mimi Aloisi, mwanao wa kwanza. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, sikumwomba mtu. Wewe ulikufa hujui hata herufi moja, lakini mimi kwenye darasa la elimu ya watu wazima nilitoka wa kwanza kijiji kizima, na mwalimu alisema mbele za watu kwamba mwandiko wangu unasomeka kuliko wa katibu. Kwa hiyo tafuta mtu huko akusomee. Ila asiwe mke wangu, Mama Vero, aliyekufuata huko. Nina jambo la hofu humu, na hofu yangu yeye hakuwahi kuiona. Nilimficha miaka yote ya ndoa.

Kwanza nikupe habari za mwili. Nakimbia bado. Ndiyo, mzee wa miaka sitini na nane. Kila asubuhi kabla ya jua nakunywa kikombe cha maji ya moto matupu, nanawa uso na shingo kwenye mfongo, mfereji wetu unaopita nyuma ya migomba, maji yale yale ya baridi yanayouma meno. Kisha nateremka mbio mpaka darajani, nazunguka kwa njia ya shule, napanda nyumbani. Jasho likishatoka ndipo mtori wa ndizi. Pombe ya mbege ni kata moja, ya pili nampa jirani. Saa mbili usiku nimeshalala. Ulisema mwili ni kama mfongo, usipouzibua kila siku unajaa matope. Mimi wangu nimeuzibua.

Watu wananicheka. Nikipita na raba zangu za mitumba kwenye vibanda vile vipya, kuna kijana muuza sukari lazima apige kelele, "Mzee Aloisi! Mwizi kapita upande gani?" Namjibu bila kusimama: "Mwizi kakaa ndani ya shati lako, hapo tumboni!" Wenzake wanashika mbavu. Ana miaka thelathini na kitambi cha mjumbe. Nilimwambia tushindane mpaka darajani, akasema anasubiri wateja.

Haya yote niliyapata kwako. Unakumbuka asubuhi zile za Julai, ukungu umekaa mpaka mlangoni? Nilikuwa sijakufika kiunoni. Ulitangulia mbio, peku, wala hukugeuka, nami nyuma nalia kwamba sioni njia. Ulikuwa umeshamezwa na ukungu, ikabaki sauti tu. "Macho ya nini, Aloisi? Uliza magoti. Magoti yakilalamika unateremka. Kifua kikilalamika unapanda. Mtu wa mlimani hapotei." Nikanyamaza kulia. Nikauliza magoti, yakanijibu. Maneno hayo nimewatambia watu wa tambarare maisha yangu yote, kwamba ninyi mkizungushwa mara moja mmekwisha, sisi tuna mlima.

Sasa sikiliza, baba. Jumanne iliyopita niliteremka vizuri, pumzi nzuri, miguu myepesi. Nilipofika njia panda iliyo juu ya daraja kamba ya raba ikafunguka. Nikainama nikaifunga. Nilipoinuka sikujua kama naenda au narudi.

Usidhani nasema kizunguzungu. Kizunguzungu nakijua. Niliona kila kitu wazi: jiwe, mfereji, kibanda cha maziwa kimefungwa. Ila havikuwa vya mahali popote. Njia tatu mbele yangu na hakuna hata moja iliyoniita. Nikauliza magoti kama ulivyonifundisha. Hayakusema kitu, baba. Nimesimama kwenye mteremko wa mlima nilikozaliwa na sijui juu ni wapi. Moyo ukaanza kupiga kuliko nilipokuwa nakimbia. Jasho la mbio likapoa, likaja lingine, jembamba, la mgongoni.

Akina mama wawili wakapita na ndizi kichwani. "Shikamoo baba Vero." Nikaitikia marahaba kwa sauti kubwa kabisa. Ningewauliza nini? Nyumbani kwangu ni wapi? Mimi? Nikainama tena nikaifungua kamba, nikaifunga. Nikaifungua, nikaifunga. Nilikaa hivyo mpaka akaja Herimeni, jirani yangu, anatoka kupeleka maziwa kule chini.

"Baba Vero, wewe kamba hiyo unaifunga tangu nateremka?"

"Raba za Ulaya hizi," nikamwambia, "kamba zake hazitaki haraka."

"Hazitaki haraka au hazitaki kupanda? Sema umechoka, nikubebe kwenye dumu."

Akacheka, akashika njia. Nikajifanya namsindikiza. Nilikanyaga alipokanyaga yeye mpaka nikaona geti langu.

Siku mbili nilijidanganya. Nikasema ni kahawa. Bei ilipoanguka watu waling'oa kahawa pale, wakapanda nyanya, kivuli chote kimekwisha, nani asingepotea? Nilikuwa tayari kugombana na mwenye shamba. Lakini Alhamisi nimekaa na kata yangu nikajiambia: Aloisi, kahawa imeng'olewa, mlima haukung'olewa.

Ndipo nilipokukumbuka wewe, na tangu siku hiyo silali sawasawa.

Unajua nitakayosema. Mwaka wako wa mwisho miguu yako ilikuwa mizima kuliko kichwa. Ulitoka alfajiri kama kawaida ukafuata maji, ukateremka, ukateremka mpaka mlima ukaisha. Mkulima wa mpunga alikukuta Chekereni, kule tambarare, jioni, umesimama kwenye tope mpaka magotini, unamuuliza kwa nini mfongo umelala. Kesho yake alikurudisha kwa baiskeli, ukanitazama ukasema, "Huyu kijana ni mtoto wa nani?" Watu walikuwapo. Badala ya kukujibu niliona aibu. Nilikwenda mjini kwa duka la Mhindi nikanunua komeo, nikalipigilia kwenye mlango wako, kwa nje.

Kila alfajiri uliugonga. Hukutukana, hukulia. Ulisema tu, "Fungua, jua linatoka." Nami upande wa pili nimefunga kamba za viatu, natoka kwenda kukimbia. Nilijifanya sisikii. Nilikimbia kwa afya yangu, baba, nikakuacha unagonga. Ulipoacha kugonga nilifurahi, nikadhani umetulia. Mwezi haukuisha tukakuzika. Watu walisema uzee. Mimi nasema uliziba, kama mfongo, na mimi ndiye niliyeweka jiwe.

Hiyo ndiyo hofu yangu. Kufa siogopi, nimeshachagua hata mahali, kando yako. Naogopa kuwa upande ule wa mlango.

Jumamosi binti yangu Vero alipanda kutoka Shirimatunda kunitazama. Yeye ndiye anayenitunza sasa, neno lake kwa ndugu zake ni la mwisho. Nilikusudia kumwambia tu kwamba sukari na majani ya chai vimekwisha. Badala yake nikampeleka kwenye nyumba yako, tunakoweka mahindi, nikamwonyesha komeo.

"Si la wezi hili?" akasema.

"Si la wezi. Nilimfungia babu yako."

Nikamweleza na habari ya njia panda, yote, hata kamba. Nilitegemea ataniambia baba unazeeka tu, tuende tukale. Hakusema hivyo. Alishika kile chuma muda mrefu.

"Baba, unadhani na mimi nitakufungia?"

"Ningekuwa wewe ningefunga," nikamwambia. Sikutaka kumdanganya. "Mimi nilikuwa mtu mwema, Vero, na nilifunga."

Hapo akalia. Kisha akajifuta kwa khanga, akawa yule Vero mkali. "Alhamisi tunakwenda kwa daktari mjini. Usianze."

"Daktari atanikataza kukimbia."

"Akikukataza utabishana naye, si ndiyo kazi yako? Ila peke yako hukimbii tena."

"Na nani atakimbia nami? Wewe na mwili huo?"

"Mimi na mwili huu."

Alilala. Jumapili alfajiri, kabla ya misa, alitoka na raba za mwanawe na khanga kiunoni. Tuliteremka. Anapumua kama ng'ombe anayezaa lakini hakusimama, mjukuu wako huyo, ukaidi ni wako. Yule muuza sukari alitaka kusema neno, akamwona Vero anavyomtazama, akalimeza.

Tulipofika pale pale, ikanijia tena. Sikuinama safari hii, ilinijia nimesimama. Njia tatu, zote bubu. Vero akasimama kando yangu akinitazama. Kilikuwapo kibanda cha maziwa, kimefunguliwa, na watu wenye vyombo, na Herimeni kati yao. Ningeweza kuifunga kamba. Baba, tangu nimezaliwa neno hili sijalitamka mbele ya watu, si kwa mwalimu, si kwa padri, si kwa Mama Vero.

Nikasema, "Sijui."

Vero akanishika mkono. Mkono mzima, kama mtu anavyomshika mtoto sokoni, watu wote wale wakitazama. Sikuutoa. Tukaenda alikonipeleka.

Naogopa bado, sikufichi. Nisamehe lile nililokufanyia, na kama huwezi, basi nivumilie mpaka nije mwenyewe tuzungumze. Pumzika, baba. Vero ananiita nje.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Aloisi